Kuwasha na kuwaka

Hapa Bunia wengi husema ordinatere, kwa kufuata Kifaransa. Dar es Salaam ni kompyuta. Kitenzi ni kimoja, na kimepangwa vizuri: mtu huwasha, mashine huwaka. Ordinatere ya zamani hukwama katikati ya hayo mawili, huku mafuta ya jenereta yakiisha. Diski ya sahani, ambayo mara nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, hutafuta faili moja moja, na programu zilizojipangia kuanza pamoja na Windows zinagombania zamu. Zizime hizo kwanza kwenye Task Manager. Haigharimu hata faranga moja. Bado nzito? Weka diski ya SSD, isiyozunguka kabisa. Fundi akikuhimiza kununua mashine mpya kabla ya hapo, mkatalie.