Kwa nini tamthilia huishia njiani, na zipi mpya zina nafasi ya kudumu

Umefuatilia tamthilia miezi mitatu. Binti ameanza kushuku kwamba mwanamume anayemwita baba si baba yake, na shangazi ndiye anayejua ukweli. Wiki inayofuata, saa ileile, unawasha runinga na kukuta muziki. Hakuna tangazo wala samahani. Kesho yake kijiweni, iwe ni kwenye maegesho ya malori hapa Tunduma au kwenye kahawa kule Mbozi, mtu atasema: "Ilikuwa haina watazamaji, ndiyo maana wameikata."

Mara nyingi si hivyo. Tamthilia nyingi za Afrika Mashariki zilikatika zikiwa bado zinapendwa. Kilichoisha ni fedha, na anayetoa fedha hizo mara nyingi si wewe unayetazama. Kwa hiyo ukitaka kujua kama tamthilia mpya itafika mwisho, anza kwa kuuliza ni nani anayeilipia.

Chukua Kaole. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kundi la Kaole Sanaa lilikuwa gumzo kupitia ITV. Huko ndiko wengi walikowafahamu Steven Kanumba, Vincent Kigosi "Ray" na Blandina Chagula "Johari". Watu walikuwa wanakusanyika kwenye nyumba yenye runinga, watoto wakikaa chini kwenye mkeka. Hata hivyo, kupendwa huko hakukugeuka kuwa mshahara wa maana kwa waigizaji. Kwa miaka mingi utaratibu wa kawaida ulikuwa mtayarishaji kutafuta mdhamini mwenyewe, mwenye sabuni au kinywaji, ili kipindi kiende hewani. Mdhamini akichoka, kipindi kinayumba. Filamu za kanda na baadaye za CD zilipoanza kuuzwa, msambazaji alilipa fedha mkononi, na waigizaji wakahamia huko. Huwezi kuwalaumu. Lakini tamthilia za kila wiki zilibaki bila nyota wake.

Waliofuatilia Ze Comedy nao wanakumbuka namna nyingine ya kupotea. Kundi la akina Joti, Masanja na Mpoki lilitoka EATV likaenda TBC1, na huko likajulikana kama Orijino Komedi. Vichekesho havikufa, ila jina na kituo vilibadilika. Na kama kituo kipya hakishiki kijijini kwako, kwako wewe kipindi kimekufa.

Hilo la kushika au kutoshika ni zito kuliko linavyoonekana. Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamia leseni kwa namna iliyofanya ving'amuzi vya kulipia vya Azam, DStv na Zuku viondoe chaneli za bure za ndani, ITV ikiwa mojawapo. Mtu mwenye dishi, akiwa mbali na mnara wa kurushia matangazo ya bure, alipoteza vipindi vyote vya chaneli hizo kwa mkupuo, ingawa hakuna hata kimoja kilichokuwa kimesitishwa.

Kuna mlipaji wa pili, naye ni mfadhili. Mwishoni mwa 2012 ilianza Siri ya Mtungi, tamthilia iliyopigwa Bagamoyo ikimfuata Cheche, mpiga picha mwenye familia na majaribu mengi. Ilitayarishwa na MFDI, na fedha zilitoka serikali ya Marekani kupitia mpango wa kupambana na UKIMWI. Picha zilikuwa safi na maigizo ya kuaminika, kiasi kwamba kwa maoni yangu ni tamthilia chache za hapa nchini zimeifikia hadi leo. Ilikwenda misimu miwili. Mradi wa namna hii huwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba kabla kamera haijawashwa, na tarehe hiyo haijali kama watazamaji wanalia au wanacheka.

Majirani zetu wa Kenya waliweza kuvuta kamba hiyo kwa muda mrefu zaidi. Makutano Junction, iliyotengenezwa na kampuni ya Mediae kwa msaada wa Uingereza, ilipita misimu kumi. Siri yao mojawapo ilikuwa simu. Mtazamaji alituma ujumbe mfupi akaletewa kijitabu kuhusu jambo lililozungumzwa, iwe kilimo au afya. Kila ujumbe ulikuwa ushahidi kwamba kuna mtu anatazama, na ushahidi huo ndio mtayarishaji anaoweza kwenda nao kwa mfadhili kuomba tena.

Sisi wa redio tuna mfano wetu, tena unaotugusa watu wa njia kuu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati. Mhusika wake aliyezungumzwa zaidi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka kuvumilia. Watafiti waliwahoji wananchi majumbani mwaka baada ya mwaka, na kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa Dodoma makusudi, ili waone tofauti kati ya waliosikia na wasiosikia. Msikilizaji wa kijijini alihesabiwa. Mchezo ulidumu miaka mingi, na tukumbuke pia kwamba redio haihitaji nyumba ya kupigia picha wala mavazi.

Kwa sasa mfuko wa wafadhili umepungua sana. Januari 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika la USAID likaacha kuendesha misaada hiyo. Tamthilia mpya inayotegemea mfuko wa aina hiyo peke yake ina safari ngumu.

Mlipaji wa tatu ni king'amuzi, na hapa ndipo penye uhai zaidi. Vuka tu mpaka uingie Nakonde, uliza habari za Mpali. Ni tamthilia ya Zambia kuhusu mkulima tajiri anayeitwa Nguzu na wake zake. Ilianza 2018 kwenye chaneli ya Zambezi Magic na imeendelea msimu baada ya msimu. Kwetu, chaneli ya Maisha Magic Bongo ilitupa Huba na Jua Kali, hii ya pili ikiwa kazi ya Leah Mwendamseke, yule Lamata. Hesabu yake inaeleweka: watu wanalipia kifurushi kila mwezi, na wanalipa kwa sababu wanataka kujua kesho kitatokea nini. Nyumba zilezile zinatumika tena na tena, na sehemu nyingi zinapigwa kwa pamoja, hivyo gharama inashuka. Mwigizaji akiondoka, mhusika wake anapelekwa masomoni nje ya nchi ghafla na maisha yanaendelea.

Hata huko hakuna kinga. Septemba 2025 kampuni ya Ufaransa, Canal+, iliichukua MultiChoice, mwenye DStv. Mmiliki mpya hupitia mahesabu ya kila chaneli, na chaneli ikiguswa, tamthilia zake zinaguswa pia.

Kampuni kubwa za mtandaoni nazo zilitupa matumaini, kisha zikasita. Queen Sono ya Afrika Kusini, yenye matukio yaliyopigwa hadi Zanzibar, ilitoka Netflix Februari 2020. Aprili iliahidiwa msimu wa pili. Kabla mwaka haujaisha ahadi ikafutwa: korona ilikuwa imefunga mipaka, na hadithi yenyewe ilikuwa ya kusafiri nchi hadi nchi. Januari 2024 Amazon nayo ikaacha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika.

Huenda unajiuliza kwa nini tamthilia za Kichina na Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili hazikatiki. Ni kwa sababu zinaletwa zikiwa zimekamilika, toka sehemu ya kwanza hadi ya mwisho. Kituo kinanunua hadithi yenye mwisho wake tayari. Yetu huandikwa huku ikirushwa, na fedha ikiisha katikati, hadithi inaishia hapohapo.

Kwa hiyo tamthilia mpya ikitangazwa, tazama mambo machache. Je, inatoka kwenye chaneli inayolipiwa, mara kadhaa kwa wiki? Ina nafasi nzuri. Je, ina mdhamini mmoja anayetajwa kila dakika kumi? Ifurahie, lakini usizoee sana. Ikianza kurudia sehemu za nyuma bila maelezo, au kuhamishwa saa mara mbili kwa mwezi, kuna tatizo jikoni.

Zinazotoka YouTube ziko kundi la peke yake. Hapo mtayarishaji anapata sehemu ya fedha za matangazo kulingana na watu waliotazama, na mtu wa Momba mwenye bando anahesabika sawa na wa Masaki, ingawa matangazo ya kwetu hulipa kidogo kuliko ya Ulaya. Hesabu hiyo hufanyika ukitazama kwenye akaunti ya mtayarishaji mwenyewe. Ukijaziwa kwenye flashi, au ukitazama nakala iliyopandishwa na mtu mwingine, yeye haoni kwamba umetazama. Kuandika maoni chini ya video pia kunasaidia, na ukitaja unakotoka, mtayarishaji anapata cha kumwonyesha mdhamini anayedhani kazi yake inatazamwa Dar es Salaam tu.