Kubaki Mantapala au kurudi Pweto: linganisha kabla ya kuamua

Desemba 2021 UNHCR ilianza kuwasaidia wakimbizi wa Mantapala, wilayani Nchelenge, wanaotaka kurudi Pweto kwa hiari. Kama familia yako inafikiria kurudi Kongo, pimeni pamoja mambo haya manne.

Shule: Tangu 2022 shule za serikali za Zambia hazitozi ada, msingi na sekondari. Kongo, tangu 2019, ni shule ya msingi tu. Huku mtoto amezoea Kibemba na Kiingereza; kule atafanya mitihani kwa Kifaransa.

Kusafiri: Hapa unahitaji kibali ili kutoka nje ya makazi. Kongo wewe ni raia, huhitaji kibali hicho.

Shamba: Hapa familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima. Kule, ulizia kwanza ni nani analima shamba lako sasa.

Usalama: Usitegemee habari za Pweto mjini pekee. Wapigie simu ndugu walioko kijijini kwenu.

Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha kurudi. Kabla ya kuuza vyombo na mazao yako, zungumza na ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi au UNHCR.