Vita Ndani ya Nyumba ya Mufanya Kazi

Tukifundisha historia ya vita vya pili vya dunia, kwa desturi tunawataja askari wa Force Publique waliowashinda Waitalia pale Saio, katika Abisinia, mwaka wa 1941. Ni vema. Lakini vita vile vilibebwa pia na watu wasiovaa nguo ya kiaskari. Tutazame nyumba ya mufanya kazi wa mukuba katika kambi za Katanga.

Mwezi wa tano 1940 Wadachi waliingia Ubeleji, wakaushinda. Kongo ikasimama upande wa Waingereza, na baadaye wa Wamarekani pia. Hawa walitaka mukuba na bati, tena kwa haraka. Baba akazidishiwa kazi. Na kwa kuwa tangu miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwakalisha wafanya kazi kambini pamoja na muke na watoto, uzito huo haukumuangukia mume peke yake. Merikebu za Bulaya zilipungua, bei ya nguo ikapanda, mushahara ukabaki nyuma. Mama ndiye aliyeijua hesabu hiyo: posho itafika siku gani, na mutoto gani atangojea nguo mwaka mwingine.

Papa Leo XIII alikuwa ameandika mwaka wa 1891 kwamba mushahara upaswa kumutosha mufanya kazi kwa maisha yake. Miaka 50 baadaye, mwezi wa kumi na mbili 1941, watu wa kambi waliacha kazi, wakaomba neno hilo hilo. Tarehe 9, katika uwanja wa michezo wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi. Makumi walikufa, na Léonard Mpoyi, musemaji wao, kati yao. Hivi nyumba za Katanga zilipoteza baba, ijapokuwa adui hakufika kule hata siku moja.

Ndugu zao wa vijijini nao hawakupumzika. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka wa 1942, mupira wa mashamba ya kule ulikosekana. Mwaka uleule siku za kazi ya lazima katika Kongo zilitoka 60 zikawa 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa porini kutafuta mupira. Mume akiwa porini, shamba lilibaki mikononi mwa muke.

Vitabu vyahesabu tani za mukuba. Vyataja na urani ya Shinkolobwe, iliyoingia katika bomu la Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Lakini sufuria ya mama yule haina mustari katika vitabu. Watoto wa nyumba zile sasa ni wazee. Ndugu wafratri, nanyi makatekista, tusingoje matanga yao ndipo tuulize habari. Wakati wa vakansi tuketi karibu nao, tusikilize, tuandike.