Kughairi: historia fupi ya vitufe vya kamera ndogo

Leo tuweke lugha za programu kando kidogo, tuzungumzie kifaa ambacho kimejaa programu ingawa wengi hawakioni hivyo: kamera ndogo ya kidijitali, ile ya kutia mfukoni. Ninayo moja hapa mezani, niliinunua mtumba. Kazi yangu ni kuandika programu za simu, na haipiti wiki bila sisi kubishana kitufe gani kikae wapi, na mtu akikibonyeza bila kukusudia itakuwaje. Watu wa kamera walibishana hayo hayo miaka mingi kabla yetu, na majibu yao yako wazi mgongoni mwa kamera zao.

Hoja yangu ni moja. Kitufe kizuri ni kile kinachokuachia nafasi ya kughairi. Kamera ndogo zilikuwa na kitufe kimoja kilichoijua kanuni hii vizuri sana, na kingine ambacho hakikuijua kabisa.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1975, mhandisi Steven Sasson wa Kodak, Marekani, alitengeneza kamera ya majaribio iliyonasa picha bila filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, pikseli 100 kwa 100, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Ukitaka kuiona ulihitaji mtambo mwingine na televisheni. Kamera yenyewe haikuwa na kioo cha kuonyesha picha, kwa hiyo mpigaji hakuwa na la kuamua baada ya kupiga.

Karibu miaka 20 baadaye hali haikuwa imebadilika sana. Mwaka 1994 Apple walitoa QuickTake 100. Ilihifadhi picha 8 tu kwa ubora wa juu, wa pikseli 640 kwa 480. Nyuma ilikuwa na kidirisha kidogo chenye tarakimu na alama, na vitufe vinne kukizunguka. Kimoja kilikuwa cha kufuta, nacho kilifuta picha ZOTE kwa mpigo mmoja! Hukuweza kuona ulichopiga, wala kuchagua kipi kibaki na kipi kiende, mpaka uunganishe kamera na tarakilishi. Wabunifu walijua hatari hiyo, wakakizamisha kitufe hicho ndani ili kidole kisikiguse kwa bahati mbaya. Huo ulikuwa ulinzi wa mwili wa kamera, si wa programu.

Mageuzi yalitoka kwa kampuni iliyojulikana zaidi kwa saa na vikokotoo. Mwaka 1995 Casio ya Japani ilianza kuuza QV-10 kwa yeni 65,000. Picha zake zilikuwa hafifu, pikseli 320 kwa 240, lakini ilibeba 96, na nyuma ilikuwa na kioo cha rangi cha inchi 1.8. Lenzi yake ilizunguka, hivyo ungeweza hata kujipiga mwenyewe huku ukijitazama. Kioo hicho kilifanya kazi mbili: kabla ya kupiga ulikiangalia kulenga, baada ya kupiga ulikiangalia kukagua. Na palipo na kukagua pana kufuta. Sasa ungeweza kutoa picha moja mbaya ukaacha nyingine. Kamera zilizofuata, za karibu kila kampuni, zilichukua mpango huo: alama ya pembetatu ya kutazama, mishale ya kwenda mbele na nyuma, na kopo la taka.

Msione hilo kuwa dogo. Enzi ya filamu, mpiga picha wa bustanini, kama wale wa Uhuru Park pale Nairobi, alikupiga, ukalipa, ukarudi siku nyingine kuchukua picha. Ukikuta umefumba macho, shauri yako! Kamera ya kidijitali ilipoingia, mteja aliweza kusema, "Hebu nione." Akiona hakupendeza, picha inapigwa nyingine pale pale. Nguvu iliyokuwa mikononi mwa mpiga picha peke yake ikagawanywa, na aliyepigwa akapata sauti.

Sasa tuje kwenye kile kitufe kilichoijua kanuni: kitufe cha kupigia. Hiki kilirithiwa kutoka kamera za filamu zenye fokasi ya kujiendesha. Kina hatua mbili. Ukikibonyeza nusu, kamera inapima mwanga na kutafuta fokasi. Ukikibonyeza hadi mwisho, inapiga. Kwa lugha yetu ya programu, ndani ya kitufe kimoja mna swichi mbili, na kila moja inatuma tukio lake.

Kwa nini nusu? Kamera ndogo nyingi zilitafuta fokasi kwa kusogeza lenzi taratibu huku zikikagua wapi picha ina ukali mkubwa zaidi. Kazi hiyo inachukua muda, na mtoto anayekimbia hakusubiri. Nusu-bonyezo iliipa kamera nafasi ya kumaliza kazi nzito mapema, ili kidole kikishuka picha itoke mara moja. Lakini utamu wake hasa ni huu: ukiwa kwenye nusu, bado hujaamua. Kamera inakujibu kwa mlio na kimraba cha kijani, "Niko tayari, wewe je?" Ukiinua kidole, hakuna kilichotokea. Umeghairi bila menyu, bila swali, bila kusoma neno hata moja.

Tena kamera nyingi za miaka ya 2000 zilikipa kitufe hicho cheo cha juu kuliko vyote. Uwe ndani ya menyu au unatazama picha za jana, ukikigusa tu kamera inaacha kila kitu na kuwa tayari kupiga. Wabunifu walijua kwamba tukio halingoji. Kanuni hiyo naipenda mpaka leo: kazi kuu ya kifaa isifungiwe mlango na kazi ndogo ndogo.

Basi, upande wa pili. Kadiri kamera zilivyoongezewa uwezo, mambo yaliyokosa kitufe yalitupwa kwenye menyu. Kwenye gurudumu la juu kulikuwa na michoro: kichwa cha mtu kwa picha ya sura, mlima kwa mandhari, mtu anayekimbia kwa michezo. Ua liliwekwa kwa vitu vya karibu. Michoro hiyo ilimfaa hata asiyejua kusoma. Menyu, kinyume chake, zilikuwa maneno matupu. Orodha za lugha zilirefuka, lakini katika kamera zote nilizowahi kushika sijakuta Kiswahili.

Hapo ndipo watu walipoumia. Shangazi yangu alipoteza picha za sherehe ya mahari ya bintiye hivyo. Kadi ilijaa katikati ya shughuli. Kijana aliyeshika kamera akaingia kwenye menyu kutafuta nafasi, akakuta neno "Format", kamera ikamuuliza swali kwa Kiingereza, akabonyeza OK kama alivyozoea kubonyeza OK kila mahali. Nafasi ikapatikana, akaendelea kupiga. Picha za asubuhi nzima, pamoja na za babu ambaye hatunaye tena, hazikuonekana tena.

Na jambo la kuudhi ni kwamba kioo hakikusema ukweli wote. Kadi hizo kwa kawaida hutumia mfumo wa mafaili wa FAT. Ukifuta picha, kamera haipangusi data yenyewe: inabadilisha herufi ya kwanza ya jina la faili kwenye orodha, kisha inatangaza kuwa nafasi ile iko wazi. Kuformati nako mara nyingi huandika orodha mpya tu juu ya ile ya zamani. Picha huwa bado zipo mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Programu ya bure kama PhotoRec huweza kuzitafuta kwa kuangalia baiti ambazo kila faili la JPEG huanza nazo. Kwa hiyo ukipatwa na balaa hili, TOA KADI, usipige picha hata moja zaidi! Kule kwa shangazi, picha za jioni ndizo zilizoandikwa juu ya zile za asubuhi.

Maana yake ni kwamba mashine ilikuwa na uwezo wa kurudisha, ila hakuna aliyeupa uwezo huo kitufe. Wala si kwamba haikuwezekana. Kamera kama Kodak DC260 ya mwaka 1998 ziliendeshwa na mfumo ulioitwa Digita, ambao uliruhusu mwenye kamera kuandika skripti zake mwenyewe. Baadaye wapenzi wa Canon walitengeneza CHDK, programu ya kupakia kwenye kadi inayoongeza menyu na uwezo ambao kiwanda hakikuuweka. Yaani kitufe ni plastiki, lakini maana yake ni msimbo, na msimbo hubadilika.

Kisha simu zikaja kumeza soko. Mwaka 2010 kamera za kidijitali zilizosafirishwa na watengenezaji zilizidi milioni 120; mwaka 2020 hazikufika milioni 10. Vioo vya kugusa viliondoa vitufe karibu vyote, na nusu-bonyezo ikaenda navyo. Lakini mwaka 2014 Apple waliweka kwenye iOS 8 albamu ya picha zilizofutwa, zinazokaa siku 30 kabla ya kuondoka kabisa. Kufuta nako kukapata hatua mbili, kama kitufe cha kupigia! Na Septemba 2024, iPhone 16 ilikuja na kitufe cha kamera ubavuni kinachotofautisha mguso mwepesi na bonyezo kamili. Kidole kimerudishiwa nusu yake.

Wanaotafsiri programu kwa Kiswahili huandika "Ghairi" kwenye kile kitufe cha kujitoa. Ni neno zuri, maana linamheshimu mtu aliyebadili nia. Wenzangu mnaoandika programu, mkimaliza skrini yenu ya leo jiulizeni: anayebonyeza OK kwa mazoea, katika lugha isiyo yake, shughuli ikiwa imepamba moto, ataweza kurudi nyuma?

Haya, tukutane tena wakati mwingine. Na nakilini picha zenu mahali pawili!