Ruhusa ya Kutoka na Haki ya Kubaki: Imani ya Mwanafunzi katika Shule za Umma za Afrika Mashariki

Kiswahili kina majina matatu ya mahali pa kusomea, na kila moja limebeba historia yake. Chuo, neno ambalo katika Kiswahili cha kale lilikuwa pia na maana ya kitabu, kwa karne nyingi lilitaja mahali ambapo mtoto wa pwani alifundishwa kusoma Kurani. Shule limetoka katika Kijerumani. Skuli, litumikalo zaidi Unguja na Pemba, limetoka katika Kiingereza. Huko bara nako, katika Buganda ya mwisho wa karne ya 19, waliofuata mafundisho ya wamisionari waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kusoma na kuingia katika Ukristo vilitajwa kwa kitenzi kimoja. Kwa hiyo, kabla ya kuja kwa shule ya serikali, mahali pa kusomea palikuwa aghalabu mahali pa dini fulani, na aliyeingia alijua anaingia kwa nani.

Shule ya umma ilileta ahadi mpya: kwamba mtoto wa imani yoyote angeweza kuingia darasani bila kuiacha imani yake mlangoni. Mhadhara huu unafuatilia safari ya ahadi hiyo katika Tanzania na Kenya. Hoja yake kuu ni kwamba ahadi hiyo ilifasiriwa kwa namna mbili zilizofuatana. Kwanza ilieleweka kuwa ni ruhusa ya mwanafunzi kutoka nje wakati dini ya wengine inapofundishwa. Baadaye, na kwa taabu kubwa zaidi, imeanza kueleweka kuwa ni haki ya mwanafunzi kubaki ndani akiwa kama alivyo.

Shule za kwanza za mtindo wa Kizungu zilikuwa za misheni. Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Rebmann wakaanzisha kituo cha Rabai. Misheni ya Vyuo Vikuu ilihamia Unguja mwaka 1864, nayo Misheni ya Kanisa la Anglikana ikaunda makazi ya Frere Town karibu na Mombasa mwaka 1875. Katika vituo hivi wanafunzi wengi wa mwanzo walikuwa watu waliokombolewa kutoka utumwani, ambao hawakuwa na jamaa wa kuwatetea wala chuo cha kurudi. Wenyeji wa miji ya pwani, waliokuwa na vyuo vyao na masheikh wao, hawakuwa na haja ya kuwapeleka watoto kwa wamisionari. Walikaa mbali, na kukaa kwao mbali kukawa ndiyo kauli ya kwanza kuhusu uhuru wa dini katika elimu ya kikoloni. Haikuandikwa katika waraka wowote, lakini watawala waliisikia.

Wajerumani waliisikia mapema. Walihitaji makarani, watoza kodi, wakalimani na maakida, na watu waliokuwa tayari kwa kazi hizo walikuwa Waislamu wa pwani wenye kujua kuandika kwa herufi za Kiarabu. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 1892, kwa hiyo haikufundisha dini ya Kikristo. Wamisionari walilalamika sana. Kwao, shule isiyofundisha Ukristo katika mji wa Waislamu ilikuwa shule ya kuueneza Uislamu kwa fedha za dola ya Kikristo. Serikali nayo haikuwa ikitetea dhamiri ya mtoto. Ilikuwa ikitafuta karani. Hata hivyo, matokeo yake yalikuwa makubwa. Mtoto wa Kiislamu aliweza kujifunza hesabu, herufi za Kirumi na ufundi bila kubatizwa. Kiswahili kikawa lugha ya shule na ya ofisi. Kutoka katika shule hiyo hiyo likatolewa gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 na kuendelea hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Anayeichunguza historia ya nathari ya Kiswahili hupita Tanga, na akipita Tanga hukuta kwamba nathari hiyo ilipata malezi yake katika darasa lisilodai ubatizo.

Hata hivyo, darasa hilo lilikuwa dogo. Kufikia mwaka 1914 shule za serikali za koloni zilikuwa na wanafunzi wapatao 6,000 tu, ilhali za misheni zilikuwa na zaidi ya 100,000. Mizani hiyo iliamua mambo mengi yaliyofuata.

Unguja ilitoa somo la namna nyingine. Serikali ilipoanza kuendesha skuli zake mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi walisitasita kupeleka watoto mahali ambapo Kurani haikusomeshwa. Kwao, elimu isiyokuwa na dini haikuwa elimu ya kati na kati. Ilikuwa elimu iliyokatwa kichwa. Hatimaye watawala walilazimika kuingiza Kurani na mafundisho ya dini katika ratiba. Mombasa, ambako serikali ilifungua Shule ya Waarabu mwaka 1912, mjadala huo uliendelea miongoni mwa Waislamu wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika Sahifa aliyoianzisha mwaka 1930 na Al-Islah iliyofuata mwaka 1932, aliwahimiza wasomaji wake watafute elimu ya kisasa na wakati huo huo akawaonya wasiinunue kwa dini ya watoto wao. Msimamo huo wa pande mbili unastahili kuzingatiwa. Wazazi wa pwani mara nyingi wamedhaniwa kuwa waliikataa elimu. Ukweli ni kwamba wengi wao walikataa bei yake.

Chini ya Waingereza bei hiyo ilipanda. Sera ya elimu ya mwaka 1925 kwa makoloni ya Afrika ilisimama juu ya ushirikiano wa serikali na misheni, na shule za misheni zilizotimiza masharti zikapewa ruzuku. Wamisionari walitambua uzito wa nafasi hiyo. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwaambia wamisionari Wakatoliki mjini Dar es Salaam kwamba pale wasipoweza kuhudumia kanisa na shule kwa pamoja, waitangulize shule. Matokeo yake ni kwamba katika wilaya nyingi shule iliyolipiwa kwa sehemu na kodi ya watu wote iliongozwa na dhehebu moja. Mtoto wa Kiislamu, au wa dini ya jadi, aliyetaka kuendelea na masomo aliingia katika nyumba ya mwenyewe. Wengi walipewa majina mapya ya ubatizo, na wapo waliorudi kwao na majina mawili: moja la shule na moja la nyumbani.

Hapa ndipo maana ya uchache inapohitaji kufafanuliwa. Sensa haitoshi kumtambulisha mwanafunzi wa imani ya wachache. Mahali pengi Waislamu walikuwa wengi mjini na wachache darasani. Wafuasi wa dini za jadi walikuwa wengi zaidi kuliko wote katika wilaya nyingi za bara, lakini shuleni hawakuhesabiwa kuwa na dini. Walihesabiwa kuwa bado hawajapata moja. Uchache wa shuleni hutengenezwa langoni, na aliye na ufunguo wa lango ndiye huamua nani awe mgeni. Kwa sababu hiyo shule chache za serikali zilikuwa na thamani kupita idadi yake. Julius Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora mwaka 1937, na hakubatizwa mpaka mwaka 1943, akiwa mtu mzima na kwa hiari yake.

Ni Nyerere huyo huyo ambaye serikali yake, baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ilitunga Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 na kuzitwaa shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. Ubaguzi wa dini katika kuandikisha wanafunzi ulikatazwa. Dini haikufukuzwa shuleni, bali ilipewa vipindi vyake, na kila dhehebu likaruhusiwa kuwafundisha watoto wake. Kenya ilifuata njia tofauti. Sheria yake ya Elimu ya mwaka 1968 iliziacha jumuiya za dini kuwa wafadhili wa shule ambazo sasa zilikuwa za umma, lakini ikampa mzazi haki ya kuomba mwanawe aondolewe katika ibada na mafundisho ya dini. Nchi hizo mbili, kwa njia zao mbalimbali, zilikutana katika wazo moja: mwanafunzi mwenye imani nyingine alindwe kwa kutengwa na jambo lisilomhusu.

Ulinzi huo haukuwa mdogo. Hata hivyo, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtoto anayeruhusiwa kutoka hutoka mbele ya macho ya wenzake, na husubiri barazani mpaka amalizike kusomwa asiyemtaka au asiyemwamini. Tena ruhusa ya kutoka inafaa pale tu ambapo dini imefungiwa katika kipindi. Haimsaidii mtoto ambaye mgongano wake umo katika mavazi yake, katika siku ya juma, au katika wimbo unaoimbwa mstarini kila asubuhi. Mambo hayo hayana mlango wa kutokea. Anayeyakwepa huikwepa shule yenyewe.

Jambo hilo lilidhihirika Tanzania mwaka 2007, wanafunzi zaidi ya 100 wa Mashahidi wa Yehova walipofukuzwa katika shule za mkoa wa Mbeya kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Kwa waumini hao, kuimba wimbo huo ni tendo la ibada, na ibada hawampi yeyote ila Mungu. Kwa walimu, kukataa kulikuwa utovu wa nidhamu. Mahakama Kuu haikuwakubalia wanafunzi. Mwezi Julai 2013 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo na kuwapa haki. Miaka sita ilikuwa imepita, na kwa mwanafunzi miaka sita ni karibu urefu wa elimu ya msingi. Haki ilipatikana, lakini utoto haukusubiri.

Kenya nayo ilifikia swali hilo hilo kupitia hijabu. Mwaka 2014, katika shule ya umma ya Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodist, naibu gavana aliomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Meru iliipa Kanisa ushindi mwaka 2015. Mahakama ya Rufani iliugeuza uamuzi mwaka 2016, ikieleza kwamba kanuni iliyo sawa kwa wote yaweza kuwa ubaguzi kwa wale ambao kuitii ni kuvunja dini yao. Januari 2019 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, iliutengua tena uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa madai, na swali lenyewe likabaki bila jibu la mwisho.

Ni vyema hoja ya Kanisa isidharauliwe. Wafadhili walijenga shule nyingi kabla serikali haijawa na uwezo wala nia, na sare ilikusudiwa kuwasitiri maskini mbele ya matajiri. Lakini katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, imesema kwamba mtu asinyimwe nafasi ya kuingia katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Kifungu hicho hakizungumzii kutoka; kinazungumzia kuingia. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikifuata kwa kuwapa nafuu wanafunzi Waadventista waliolazimishwa kusoma siku ya Sabato, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikamrudisha shuleni mwanafunzi wa Kirastafari aliyefukuzwa Nairobi kwa sababu ya nywele zake.

Historia hii haitoi sababu ya kudhani kwamba dhehebu lolote ni mnyonge wa kudumu au mkandamizaji wa kudumu. Mkristo wa dhehebu dogo, Mwislamu katika shule ya Kanisa, na mfuasi wa dini ya mababu ambaye mpaka leo hana kipindi chake katika ratiba, wote wamesimama barazani kwa zamu. Kila mara waliobaki ndani waliona kwamba hakuna aliyeonewa, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi.

Mlango wa shule ya umma ulifunguliwa Tanga kwa ajili ya haja ya makarani, na wazazi ambao majina yao hayakuandikwa ndio waliousukuma uzidi kufunguka, kwa kukataa kuwaleta watoto mpaka masharti yabadilike. Mahakama zimeichukua kazi hiyo baada yao. Lakini hukumu humfikia mtoto akiwa amekwisha kukua. Anayeweza kumfikia kwa wakati ni mwalimu mkuu, asubuhi ile mtoto anaposimama langoni na kitambaa kichwani, au anapofunga kinywa wenzake wakiimba.