Kuku wa Uani na Hesabu Yake

Katika nyumba niliyozaliwa, huko bara ya Kilifi, mama yetu hakuwa na sanduku la fedha. Alikuwa na fundo la leso, na alikuwa na kuku. Ilipotakiwa ada ya mtihani, au sare ya shule, au nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali, kuku mmoja au wawili walifungwa miguu wakapelekwa sokoni, na fundo la leso likapata kitu. Sisi watoto tulidhani kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu dunia kuumbwa. Hakuna aliyepata kuuliza kama kuku hao walileta faida, au walikuwa mzigo uliojificha.

Nilianza kujiuliza swali hilo nilipokuwa katika chuo cha ualimu. Wenzangu wawili nami tulichanga fedha tukanunua vifaranga 20 wa kuku wa mayai, tukawajengea banda nyuma ya nyumba tuliyopanga. Tuliamini kwamba ikiwa mama ambaye hakupata kusoma aliweza kusomesha watoto kwa kuku, vijana watatu waliosoma wangeweza kutajirika. Baada ya mwaka mmoja tulifunga hesabu, tukaona tumepata hasara. Mama, ambaye kuku wake walijitafutia chakula, alipata. Sisi, ambao kuku wetu walishiba kila siku, tulipoteza. Jambo hilo lilinisumbua kwa muda mrefu, hata nilipoanza kusoma historia ya kuku ndipo nilipoelewa.

Kuku wote wa dunia asili yao ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mifupa ya kale zaidi ijulikanayo kwa yakini kuwa ya kuku wa kufugwa ilichimbuliwa mahali paitwapo Ban Non Wat, katikati ya nchi ya Thailand, nayo ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Wataalamu waliotangaza uchunguzi wao mwaka 2022 walieleza kwamba mashamba ya mpunga na mawele ndiyo yaliyomvuta ndege huyu kutoka mitini. Punje zilianguka wakati wa mavuno, ndege akaja kuziokota, akazoea watu, na watu wakamzoea. Hivyo basi, tangu siku ya kwanza ya urafiki huu, kuku alikula kile ambacho mkulima alikwisha kukipoteza. Neno hili nataka msomaji alishike, kwa maana ndilo ufunguo wa yote yafuatayo.

Kutoka huko kuku alisafiri kwa nchi kavu na kwa vyombo vya baharini mpaka akafika kwetu. Katika Unguja Ukuu, mji wa kale uliofanya biashara na nchi za ng'ambo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wachimbuaji wamekuta mifupa ya kuku. Naye msafiri Ibn Battuta, aliyepita katika pwani hii mwaka 1331, alieleza kwamba huko Mogadishu alikaribishwa wali wa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kuku, basi, si mgeni wa jana katika nyua zetu. Na katika karne hizo zote sidhani kama kuna mke wa mvuvi au wa mkulima aliyekwenda dukani kununua gunia la chakula cha kuku. Ndege huyu aliishi kwa makombo, wadudu na punje zilizomwagika penye kinu.

Hata mataifa makubwa yalipopatwa na dhiki yalirudi katika hekima hiyo. Mwaka 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Marekani ilibandika matangazo ikiwahimiza raia wafuge kuku nyuma ya nyumba zao. Hesabu iliyotolewa ilikuwa nyepesi: kuku wawili kwa kila mtu wa nyumba wangetosha kuipatia jamaa mayai, na sehemu kubwa ya chakula chao ingetoka mezani na jikoni. Katika Vita vya Pili, Uingereza iliweka mgao wa mayai mwaka 1941, ambapo kwa kawaida mtu mmoja alipata yai moja kwa juma. Aliyekuwa na kuku wake aliruhusiwa kuacha mgao huo wa mayai, na badala yake akauziwa kiasi cha unga wa kuchanganya na maganda ya viazi na mabaki ya jikoni. Watu wengi walikubali. Hawakutajirika, lakini walikula mayai wakati jirani akihesabu siku. Mgao huo uliondolewa mwaka 1953, na yai lilipopatikana tena kwa urahisi dukani, kuku wa nyuma ya nyumba akapoteza thamani yake machoni pa wengi.

Kuna habari nyingine ambayo inaonekana kusema kinyume cha haya, nayo hutajwa mara nyingi na wale wanaotaka kutushawishi kwamba kuku wachache ni mlango wa utajiri. Ni habari ya Bibi Cecile Steele wa Ocean View, katika jimbo la Delaware, Marekani. Bibi huyu alikuwa na kuku wachache wa mayai, na kila mwaka aliagiza vifaranga 50 ili kuziba nafasi za waliokufa. Mwaka 1923 aliletewa vifaranga 500 kwa makosa. Angeweza kuwarudisha, lakini aliwajengea kibanda akawalea ili wauzwe kwa nyama. Walipofikia wiki 18, walikuwa wamebaki 387, kila mmoja akiwa na uzito wa ratili mbili hivi, naye akawauza kwa senti 62 za dola kwa ratili. Bei hiyo ilikuwa kubwa mno, kwa kuwa siku zile nyama ya kuku mchanga ilikuwa adimu; watu wengi walifuga kuku kwa ajili ya mayai. Mwaka uliofuata aliagiza vifaranga 1,000. Kufikia 1926 alikuwa na nafasi ya kuku 10,000.

Je, si faida hiyo? Hapana shaka ni faida. Lakini tuangalie vizuri mambo yaliyofuata. Majirani walimwiga, na majirani wa majirani wakaiga pia. Elimu nayo ilisaidia, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo ya 1920 iligunduliwa kwamba vitamini D, iliyomo katika mafuta ya ini la samaki, huwaepusha vifaranga na ugonjwa wa mifupa, na kwa hiyo kuku wakaweza kulelewa ndani ya nyumba mwaka mzima bila kuona jua. Kuku walipokuwa wengi, bei ilishuka. Bei iliposhuka, faida ya kuku mmoja ikawa ndogo, na ili mfugaji apate riziki ileile alilazimika kufuga wengi zaidi. Aliyeshindwa kuongeza akaacha. Baadaye yakaja makampuni yaliyomiliki vifaranga na chakula pia, na mkulima akabaki na banda, deni na jasho lake. Leo Marekani huchinja zaidi ya kuku bilioni tisa kwa mwaka, na kuku anayefikia kilo mbili na nusu hana zaidi ya wiki saba. Kwa hiyo Bibi Steele hakuthibitisha kwamba kundi dogo hutajirisha. Alipata faida kwa kuacha kuwa na kundi dogo, na akaianza mbio ambayo wadogo waliofuata hawakuweza kuimaliza.

Sasa naweza kurudi nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, nionyeshe tulipokosea. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 115 hivi kwa siku. Kuku 20 kwa mwezi hula kilo 69, yaani karibu gunia zima la kilo 70. Wakitaga vizuri sana, watatoa mayai 500 kwa mwezi, nayo ni trei 16 na mayai machache. Kwa kuwa bei hubadilika kila mara, tuzipime fedha kwa trei. Tuseme, kwa mfano, kwamba gunia moja lina bei sawa na trei 12. Zimebaki trei nne. Macho ya kijana huona trei nne kila mwezi akafurahi.

Lakini kuku hao hawakuanza kutaga siku walipoangua. Walikula kwa miezi minne na nusu au mitano bila kutoa yai, kila mmoja kiasi cha kilo saba na nusu. Kuku 20 walikula kilo 150, yaani magunia mawili na zaidi, na kwa kipimo chetu hizo ni kama trei 25. Hapo bado hatujataja bei ya vifaranga, dawa, mbao na bati. Ukizirudisha trei 25 kwa trei nne za kila mwezi, utatumia zaidi ya miezi sita, na katika miezi hiyo haifai kuku afe wala asiache kutaga. Iwapo mayai yatapungua kutoka 500 hadi 360 kwa mwezi, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, zitapatikana trei 12 tu. Trei 12 ni bei ya gunia. Mfugaji huyo atakuwa anafanya kazi ya kuhamisha fedha kutoka kwa mnunuzi wa mayai kwenda kwa muuza chakula, naye mwenyewe hapati hata ujira wa mbebaji. Hivyo ndivyo ilivyotupata. Mwenye kuku 5,000 hununua chakula kwa lori na kwa bei nafuu, akatosheka na faida ya senti chache kwa yai; sisi wenye kuku 20 tulishindana naye katika soko lile lile.

Kuku wa mama hakuingia katika mashindano hayo. Alitaga mayai 12 hivi, akayaatamia, akalea, kisha akaanza tena. Kwa mwaka mzima hakufikisha hata robo ya mayai ya kuku wetu. Lakini alikula kumbikumbi, chenga za mahindi na ukoko wa sufuria. Gharama yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo hata pato dogo lilikuwa faida. Adui yake hakuwa bei ya gunia. Adui yake alikuwa mwewe, nguchiro, na zaidi ya wote kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java, na vilevile katika mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza, ambao uliupa jina lake la Kizungu. Nakumbuka mwaka mmoja ulipopita kijijini kwetu. Asubuhi tuliwakuta kuku wamepindika shingo, na kabla ya juma kwisha ua ulikuwa kimya. Muhula ule dada yangu hakurudi shuleni. Sijapata kuona hesabu iliyo wazi kuliko hiyo.

Kuku akishaugua kideri hana dawa, lakini kinga ipo. Watafiti wa Australia walitengeneza chanjo iitwayo I-2, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za kwanza na kwa hiyo yafaa vijiji visivyo na majokofu. Hutiwa tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Aliye na kuku kumi na kuwachanja wote, akawajengea kizimba cha kulala na kuwafunika vifaranga mpaka wapate nguvu za kumkimbia mwewe, ameongeza faida yake kuliko yule anayekopa fedha ili anunue wengine kumi. Faida ya kundi dogo ni kuzuia upotevu.

Pengine msomaji ataniambia kwamba nimesahau jambo: mama aliamka alfajiri kuwafungulia, akafagia, akawatafuta jioni vichakani, na kazi hiyo haikuandikwa popote. Ni kweli, na ni haki kusema hivyo. Katika nchi nyingi kazi ya kuku wa nyumbani imekuwa ya wanawake na watoto, na kwa kuwa haikulipwa, wengi waliiona kama si kazi. Kama tungemlipa mama kwa saa, huenda kuku wake nao wangeonyesha hasara. Lakini yeye alipokuwa akifagia ua alikuwa pia akilinda nyumba, akiangalia mtoto na kupika. Na fedha ya kuku ilikuwa yake, mkononi mwake, siku ambayo hapakuwa na nyingine.

Kwa hiyo, je, kuku wachache wa uani huleta faida? Huleta, ikiwa wanageuza kilichokuwa kikipotea kuwa yai na nyama, na ikiwa wanalindwa na maradhi. Hawaleti, ikiwa chakula chao chote hutoka dukani na mayai yao hushindana na mayai ya mwenye maelfu. Kati ya njia hizo mbili zipo nyingine, kama vile kupata mnunuzi anayemtaka kuku wa kienyeji na yuko tayari kumlipia zaidi. Lakini kila njia yataka ipimwe kabla ya kuifuata. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetaka kuanza na anunue daftari kwanza, aandike kila punje anayoinunua na kila yai analoliokota, hata lile lililoliwa nyumbani. Mwisho wa mwaka daftari litamwambia kama anafuga kuku au kuku ndio wanaomfuga yeye.