Meli Iliyogeuzwa Ngao

Chakula cha wakimbizi wa Dadaab hushushwa bandarini Mombasa kabla ya malori kukipeleka Garissa. Kwa hiyo maharamia wa pwani ya Somalia waliposumbua njia za meli kuanzia 2005, hiyo haikuwa taabu ya watu wa pwani peke yao. Juni 2005 waliteka MV Semlow, iliyotoka Mombasa na tani 850 za mchele wa msaada, wakaitumia kuvamia meli nyingine.

Hapo ndipo ilipokuwa akili yao. Mashua zao za faiba zilikuwa na kasi, lakini mafuta na maji yake hayakutosha kuwafikisha mbali. Meli ya mateka iliwatatulia yote mawili. Waliburuta mashua nyuma yake au kuzipakia sitahani, na rada ya manowari ikaona tu meli ya mizigo au ya uvuvi ikienda zake. Windo lilipokaribia, mashua zilishushwa, ngazi yenye ndoano ikatupwa ubavuni, na wenye bunduki wakapanda.

Mbinu hiyo ilifika kilele mwishoni mwa 2010. Meli ya Izumi, iliyokuwa ikileta chuma Mombasa ikiwa na mabaharia 20 Wafilipino, ilitekwa Oktoba. Novemba 6 maharamia waliielekeza kwenye Petra I, meli ya shehena ya majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyokuwa Mogadishu. Manowari ya Uhispania, Infanta Cristina, iliongeza kasi ikajiingiza kati. Ilikuwa na mizinga ya kuizamisha Izumi, lakini ingewaua Wafilipino wale 20, kwa hiyo ilibidi ijizuie. Petra I iliokoka, na Izumi ikatokomea na mateka wake.

Sikatai kwamba ulikuwa werevu. Ila siwezi kuuita ushujaa, kwa sababu waliokaa mbele ya mizinga ni mabaharia maskini waliokuwa wakitafuta riziki. Mwezi huohuo wa Oktoba, meli ya Golden Wave ilitekwa karibu na Lamu, wengi wa watu wake 43 wakiwa Wakenya.

Baadaye kampuni nyingi za meli zilianza kuweka walinzi wenye silaha melini. Nazo nchi za Ulaya ziliamua kuwapiga maharamia mahali pasipo na mateka: Mei 2012 helikopta zao ziliharibu mashua zikiwa bado ufukweni Somalia.